Utubora Aliacha Nini? Mshahara, Shamba na Furaha katika Riwaya ya Shaaban Robert

Utubora Mkulima ya Shaaban Robert ni riwaya ambayo wengi wetu tunaweza kuisimulia kwa sentensi mbili. Mtu mmoja anaacha kazi nzuri huko Unguja, kazi yenye mshahara ambao wengine wangeuombea dua, akaenda kulima Busutamu. Huko anapata raha ambayo fedha hazikumpa. Mwalimu akiuliza dhamira ni ipi, mkono wa kwanza hujibu kwamba mali si furaha, wa pili hujibu kwamba kilimo ni bora kuliko kazi ya mjini, na kipindi kinaendelea.

Majibu hayo si ya uongo, ila yanaifanya riwaya iwe nyepesi kuliko ilivyo. Baya zaidi, yanaiweka tayari kutumiwa vibaya. Neno kwamba fedha hazimletei mtu furaha waweza kumwambia tajiri ili apunguze tamaa. Waweza pia kumwambia maskini ili anyamaze. Katika makala haya nitajaribu kuonesha kwamba furaha ya Utubora haikuletwa na kukataa fedha, wala haikuletwa na kijiji chenyewe. Ililetwa na kuimiliki tena siku yake, na kufanya kazi inayomfikisha kwa watu. Kisha nitaeleza jambo ambalo riwaya inalipita haraka mno, yaani gharama ya furaha hiyo. Hapo nitaiweka kando ya Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, kwa sababu vitabu hivi viwili vinajibizana, hata kama havikuandikwa kwa nia hiyo.

Nianze na mwandishi, kwa kuwa hapa maisha yake yana neno la kutuambia. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni, akaifanya hadi 1944. Baada ya hapo alihamia ofisi nyingine za serikali, mojawapo ikiwa ofisi ya mkuu wa wilaya Tanga na nyingine idara ya upimaji ardhi. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, mwandishi tunayemwita mkubwa kuliko wote katika fasihi yetu ya karne iliyopita alikuwa mtu wa kuingia ofisini asubuhi na kutoka jioni. Alifanya kazi katika utumishi ambamo mshahara na cheo vilifuata rangi ya ngozi, na Mwafrika, hata angekuwa hodari namna gani, aliwekwa chini.

Nalitaja jambo hili kwa sababu tumezoea kumsoma Utubora kana kwamba alitungwa na mkulima. Alitungwa na karani. Aliyemwandika mtu anayeiacha ofisi ni mtu ambaye mwenyewe hakuiacha kwa muda mrefu sana. Ukilikumbuka hilo, utaona kwamba riwaya hii ina hamu ndani yake kuliko mahubiri. Ni mtu anayewaza: ningeamka asubuhi moja bila kuwa na bwana wa kumwamkia, ningefanya nini na siku yangu?

Jambo la pili la kukumbuka ni tarehe. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Utubora Mkulima ilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baadaye. Katikati ya tarehe hizo mbili Tanzania ilikuwa imepata Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata sera ya Elimu ya Kujitegemea. Kitabu kilichoandikwa wakati wa mkoloni kikaangukia mikononi mwa wasomaji walioambiwa na serikali yao kwamba ukombozi uko shambani. Haishangazi kwamba kilisomwa kama kipeperushi cha rudi kijijini. Ila Utubora haendi shambani kwa kuwa amehimizwa na chama au kwa kuwa taifa linahitaji mazao. Hakuna aliyemwamuru. Ukiiondoa hiari hiyo katika riwaya, umeondoa moyo wake.

Sasa tumwangalie Utubora mwenyewe. Jina lake limejieleza: utu ulio bora. Shaaban Robert hupenda kuwapa wahusika na nchi zake majina yanayobeba maana, kama tunavyoona Kusadikika, Kufikirika na Adili na Nduguze. Kwa hiyo tunajua tangu mwanzo kwamba tumewekewa kielelezo. Utubora ameajiriwa na Ahmed, mfanyabiashara wa Unguja. Hafukuzwi kazini. Halalamiki kwamba analipwa kidogo. Hilo ndilo linalowashangaza waliomzunguka, na ndilo linalotakiwa kutusimamisha sisi pia. Mtu anayeacha kazi kwa sababu ya mshahara mdogo anaeleweka mara moja, ameikimbia hasara. Utubora anaacha kitu ambacho kwa kipimo cha wenzake ni faida. Anasema, kwa kitendo chake, kwamba kipimo hicho hakimpimi yeye.

Basi aliacha nini hasa? Jibu la kawaida ni kwamba aliacha uchovu wa mambo yale yale kila siku. Jibu hili silikubali. Kazi ya shamba nayo ni mambo yale yale. Anayelima anajua: kusafisha, kutifua, kupanda, kupalilia, kupalilia tena, kuvuna, kisha mwanzo. Mvua haimsubiri mtu mpaka apate hamu. Karani anaweza kuahirisha barua hadi kesho. Mkulima aliyeahirisha kupanda kwa wiki mbili huenda amelipoteza zao la msimu mzima. Kama adui wa furaha angekuwa mazoea ya kila siku, Utubora angekuwa ameruka majivu akakanyaga moto.

Tofauti iko mahali pengine, nami naiona katika mambo mawili. La kwanza ni umiliki wa siku. Ofisini Utubora anauza saa zake; zikishauzwa ni za mwingine, hata zikiwa saa nzuri, hata bwana akiwa mpole. Shambani anachoka pengine zaidi, lakini uchovu ule ni wake. Mtu anaweza kustahimili mengi akijua kwamba jembe amelishika mwenyewe kwa sababu aliyoichagua mwenyewe. La pili ni kwamba anauona mwisho wa kazi yake. Mbegu aliyoitia ardhini anaiona ikiwa jani, kisha chakula, kisha chakula katika sahani ya mtu anayemjua kwa jina. Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Methali hiyo mara nyingi hutajwa kama malalamiko, kwamba mmoja anataabika na wengi wanafaidi. Katika mwanga wa riwaya hii ninaisoma kinyume: bahati ya mkulima ni kwamba walaji ni wengi, na anawaona wakila.

Hapo ndipo ninaposema kwamba furaha ya Utubora ni ya kijamii. Wasomaji wengine wamemwona kama mtawa aliyejitenga na ulimwengu. Mtu aliyejitenga hahitaji majirani, lakini Utubora bila majirani si Utubora; wema wake ungekuwa neno tupu lisilo na wa kutendewa. Wala hakosi jeraha. Sheha, mwanamke aliyempenda, aliolewa na Makuu, mtu wa mali. Mwandishi angeweza kumfanya Utubora akimbilie fedha ili alipize, aoneshe kwamba naye anaweza kuwa Makuu. Hadithi nyingi zingekwenda njia hiyo. Yeye anakwenda njia nyingine, na ndipo tunapoona kwamba uchaguzi wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa katika mashindano ya mali. Alikataa kuingia uwanjani.

Mpaka hapa nimemtetea Shaaban Robert. Sasa nimwulize maswali, kwa kuwa mapenzi kwa mwandishi hayamzuii mhakiki kuuliza.

Ninaandika haya nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda, na kwetu ni Kigezi, kusini magharibi, eneo la Kabale. Anayepita barabara ya huko huona vilima vilivyokatwa ngazi ngazi kwa matuta hadi kileleni, akasema ni nchi nzuri. Ni nzuri kweli. Lakini matuta yale ni hesabu ya kugawanya. Babu alikuwa na vipande kadhaa, kimoja bondeni, kingine kilima cha pili, kingine cha tatu. Akavigawa kwa wanawe. Wanawe wakavigawa kwa wana wao. Tatizo hili si la jana. Katika miaka ya 1940, baada ya vita, serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha watu kutoka Kigezi kuwapeleka maeneo mengine kwa sababu ardhi ilikuwa imebanwa. Kijana wa huko akiambiwa aache kutafuta mshahara akalime apate furaha, swali lake la kwanza si la falsafa. Ni swali la wapi.

Riwaya haijibu swali hilo, na udhaifu wake mkubwa uko hapo. Utubora anaingia shambani akiwa mtu aliyekwisha kulipwa vizuri. Ana pa kuanzia. Hatumwoni akigombea tuta na ndugu watano. Shida za kilimo, yaani wadudu, ukame, bei inayoporomoka siku ya mavuno, hazipewi uzito unaolingana na uzuri wake. Shamba la Busutamu limechorwa na mtu aliyelitamani akiwa dirishani, na anayetamani huona kijani kabla ya kuona magugu. Kwa maneno mengine, ule mshahara ambao Utubora anaukataa ndio uliomwezesha kuukataa. Mkono mtupu haulambwi, na pia mkono mtupu haununui jembe.

Nikisema hivi simaanishi kwamba kitabu kimekosea kuhusu furaha. Namaanisha kwamba kimetupa swali zuri pamoja na jibu ambalo si la kila mtu. Hatari inakuja tunapolishika jibu tukaliacha swali. Hapo ndipo mwenye nyumba tatu mjini anasimama mbele ya vijana na kuwahimiza waridhike na kidogo, akimtaja Utubora kuwa shahidi wake. Lakini Utubora hakuwaambia wengine waridhike. Aliacha cha kwake. Ushahidi wake unamfaa yule tu aliye tayari kuacha cha kwake.

Dunia Uwanja wa Fujo, iliyotoka mwaka 1975, inatusaidia kuliona hili kwa upande wa pili. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, anatupa mhusika aitwaye Tumaini. Huyu naye jina lake ni ahadi. Anapata fedha akiwa kijana na kuzitapanya kwa starehe, kisha anageuka na kuwa mkulima mkubwa katika eneo la Shinyanga. Ukitazama kwa juu, naye ameyaacha maisha ya ovyo akarudi kwenye ardhi, kama ambavyo wasomaji wa Utubora wangemshauri. Lakini Tumaini amehamia shambani na kipimo chake cha zamani. Anachokipenda katika shamba ni ukubwa wake. Wanaolima ni wengine, yeye anamiliki. Siasa ya Ujamaa inapomfikia na kumnyang'anya, anakuwa amenyang'anywa kila kitu, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine ndani yake kilichobaki kusimama. Anamuua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa.

Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kufikiri sana kulielewa tukio hilo. Tarehe 25 Desemba 1971, mkulima Said Mwamwindi alimuua Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, wakati wa mvutano wa sera hiyo hiyo. Kezilahabi hatuambii tumchukie Tumaini moja kwa moja, wala hatuambii kwamba serikali ilikuwa na haki yote. Mtu ametoa jasho na mtaji wake, kisha anaambiwa si vyake. Anayesoma bila kuhisi uchungu huo hajasoma. Hata hivyo riwaya inatuonesha kwamba kubadili mahali si kubadili moyo. Shamba lilimpa Tumaini mali, heshima na shughuli, na bado furaha haikuwemo.

Tukiviweka vitabu hivi pamoja tunapata picha kamili zaidi. Utubora anatufundisha kwamba mtu anaweza kukosa nafsi yake katikati ya mafanikio na akaipata katika kazi aliyoichagua. Tumaini anatufundisha kwamba kazi ile ile ya shamba, ikifanywa kwa jicho la kukusanya, ni duka jingine tu lililo nje ya mji. Na vyote viwili, kila kimoja kwa namna yake, vinakumbusha kwamba kuna kitu lazima kiwepo kwanza: ardhi, mtaji, serikali isiyokuvamia. Furaha si mali, lakini haioti hewani.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi jirani? Kwa sababu sote tumeulizwa, na tutaendelea kuulizwa, Kiswahili kitatupa nini. Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Rwanda ilikifanya lugha rasmi kwa sheria mwaka 2017. Bado shangazi akisikia unasoma Kiswahili chuoni hutikisa kichwa, maana binamu yako anasomea uhasibu. Shangazi hana ubaya. Ameona watu wakiuza kipande cha mwisho cha ardhi ili kulipa karo, na anataka kujua fedha ile itarudi kwa njia gani. Anaishi katika jamii ambayo kila Desemba hupima watu wake: magari yanatoka Kampala kuelekea magharibi kwa sikukuu, na wapo wanaokodi gari ili waonekane wamefika nalo. Januari gari linarudishwa kwa mwenyewe, na aliyelikodi anarudi kwenye chumba chake kimoja na deni.

Huyo mwenye gari la kukodi ndiye ambaye Utubora Mkulima inamhusu hasa, kuliko mkulima. Amefanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya macho ya watu wa wiki moja. Si kwamba hana fedha tu. Hata zile alizo nazo hazimtumikii. Angesoma kitabu hiki asingehitaji kuacha kazi yake ya mjini kesho. Angehitaji kujiuliza yale ambayo Utubora alijiuliza kabla ya kuaga: siku yangu ni ya nani? Kazi yangu inamfikia nani? Ikiondolewa leo, nitabaki na nini? Swali la tatu ndilo lililomshinda Tumaini.

Ukiyauliza maswali hayo unaweza kugundua kwamba mwalimu wa shule ya msingi anayepokea mshahara mdogo ana sehemu kubwa ya kile alichokitafuta Utubora, kwa kuwa anawaona watoto wakianza kusoma. Unaweza kugundua pia kwamba mwalimu huyo huyo amenyimwa sehemu nyingine, kwa kuwa mwisho wa mwezi hawezi kulipa kodi, na kumwambia kwamba furaha si fedha ni kumtukana. Riwaya inayosomwa vizuri inaturuhusu kuyasema yote mawili. Inaturuhusu kudai mshahara wa haki bila kuuabudu mshahara.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wenzangu ni dogo. Tunapoandika insha kuhusu riwaya hii, tusimalizie kwa kusema kwamba mwandishi anatuhimiza kurudi vijijini. Tuandike kwamba karani mmoja wa Tanga, aliyetumikia ofisi za wengine kwa zaidi ya miaka 30, alimtunga mtu ambaye siku zake zilikuwa zake. Alimpa shamba kwa sababu shamba ndilo alilokuwa nalo mawazoni. Sisi wengine, tusio na Busutamu ya kukimbilia, tuna kazi ngumu zaidi kuliko ya Utubora: kuitafuta hiari ile ile ndani ya darasa, karakana, ofisi au kibanda cha sokoni, na kugombea pamoja hali zitakazoifanya iwezekane. Kazi hiyo Shaaban Robert hakutuandikia. Alituachia kipimo cha kuifanyia.